Hizo Kilo Tano Zitoke Wapi?

Wengi wanaofika kwenye meza yangu huja wamebeba mtoto. Mimi ni muuguzi, nashughulikia lishe katika kituo cha afya hapa Uvira, na vifaa vyangu ni vichache: mizani, ubao wa kupimia urefu, na ule utepe wa mkono wenye rangi tatu. Mtoto aliyetimiza miezi sita na hajafika miaka mitano, mkono wake ukisoma chini ya milimita 115, utepe umefika kwenye nyekundu, na mama yake hatoki bila Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo. Ndiyo kazi niliyosomea. Mwaka 2024 Wakongomani zaidi ya milioni 25 walihesabiwa kuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na sisi wa Kivu Kusini tumo.

Kwenye meza hiyohiyo nakaa na vijana wembamba wanaotaka kupungua zaidi. Wapo wanaowacheka na kuwafukuza: watu wanatafuta chakula, wewe unakikimbia? Mimi naliona swali la vijana hao kuwa la haki, na nalijibu kwa utulivu, kwa sababu jibu lake si moja. Wapo wembamba ambao kupungua kidogo kutawaongezea miaka ya kuishi. Wapo ambao kilo chache tu zitawaharibia hedhi na mifupa, na hata mtoto ambaye bado hawajamchukua mimba. Na wapo ambao habari ya uzito isiguswe kabisa mpaka wapimwe makohozi.

Chukua binti mmoja wa miaka 23 aliyekuja akiwa amebakiza majuma matano afunge ndoa. Anauza ndagala pamoja na mama yake. Alfajiri anawahi pwani mitumbwi ya taa inaporudi, anaanika, anageuza, anabeba beseni kichwani mpaka sokoni, na jioni anapandisha bidoni ya maji ya lita 20 hadi kwao mlimani. Urefu wake mita 1.66, uzito kilo 51. "Mama Mganga," akaniambia, "nataka nitoe kilo tano kabla ya siku yangu." Kwenye simu alikuwa na picha ya binamu yake, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na sasa anaishi Marekani, amevaa gauni lililomshika kiunoni. Yeye amekwisha kukodi gauni la namna hiyo, na zipu inagoma kupanda.

Nikamwuliza swali ninalowauliza wote: "Hizo kilo tano, mwanangu, zitoke wapi?"

Akashika tumbo. Nikamwomba asimame, nikampima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi kwa kawaida: sentimita 66. Hapo hapakuwa na cha kutoa.

Mizani inatoa namba moja tu, na ndani ya namba hiyo kuna vitu vingi vilivyochanganyika: maji, misuli, mifupa, ini, figo, damu, mafuta. Mtu anayesema "nataka kupungua" anawaza mafuta. Mwili haufuati mawazo yake. Aliye na mafuta mengi akipunguza chakula, sehemu kubwa ya kinachopotea ni mafuta kweli. Mwembamba akifanya hivyohivyo, mwili unakuta akiba ni ndogo, unaanza mapema kula misuli. Na moyo nao ni msuli. Kwa mwanamke kuna jambo la zaidi: chakula kisipotosha kazi anayoifanya, ubongo unazima hedhi, kwa kuwa mwili unaona huu si wakati wa kubeba mimba. Hedhi ikikatika kwa njia hiyo, homoni ya estrojeni inashuka, na mifupa inaanza kupoteza uzito wake. Msichana wa miaka 23 yuko kwenye miaka ya mwisho ya kuijenga mifupa hiyo. Atakachokosa kukiweka sasa, akiwa na miaka 60 hatakipata dukani.

Tukapiga hesabu pamoja, nyuma ya kikaratasi. Kilo moja ya mafuta inabeba kalori kama 7,700. Kilo tano ni kalori 38,500. Kwa siku 35 zilizobaki, angepaswa kukata kalori 1,100 kila siku. Mwanamke wa umbo lake mwenye kazi kama yake anahitaji kalori kama 2,000, pengine zaidi. Zingebaki 900: bukari ya muhogo kidogo mchana, lengalenga, na chai. Na beseni bado liko kichwani, na bidoni bado inapanda mlima.

Kuna hesabu nyingine, ile tunayoiandika IMC kwenye daftari zetu, na wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita BMI. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwake ilikuwa 51 kugawanya kwa 1.66 mara 1.66, jibu 18.5. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 mpaka 24.9 kuwa uzito wa kawaida, chini ya hapo ni wembamba uliozidi, na chini ya 17 ni wembamba wa kutia wasiwasi. Binti alikuwa amesimama kizingitini. Akitoa kilo tano angeshuka mpaka 16.7. Mtu mzima akifika kwangu na namba hiyo bila kupanga, huwa namtafutia ugonjwa.

Hesabu hii ilianzia kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa Ghent, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa nyota na takwimu aliyetaka kujua binadamu wa wastani ana umbo gani, kwa hiyo alipima watu wengi pamoja; hakutaka kumhukumu mmoja mmoja. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys. Huyo Keys ana jambo lingine alilolifanya miaka mingi kabla, na ndilo ninalowasimulia vijana kuliko hiyo hesabu.

Mwezi Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea kuisha, Keys alikusanya wanaume 36 kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa vijana wenye afya njema waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea miili yao ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Kwanza walilishwa vizuri. Kisha, kwa majuma 24, wakapewa karibu nusu ya walichozoea: mikate, viazi, kabichi, makaroni, milo miwili kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kama kilomita 35 kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Na huo uzito haukutoka peke yake. Walihisi baridi katikati ya joto. Mapigo ya moyo yalipungua. Nywele zilitoka, miguu ilivimba, hamu ya mwanamke ikaisha. Vijana wapole wakawa wakali, wengine wakazama katika huzuni. Mazungumzo yao yote yalihamia kwenye chakula. Wapo waliokusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku, na walipomaliza kula walilamba sahani. Walipoanza kulishwa tena iliwachukua miezi mingi kurudi walivyokuwa, na wengine walikula bila kushiba. Keys na wenzake waliyaandika yote katika vitabu viwili vikubwa vilivyotoka mwaka 1950.

Hawakuwa wanene walipoanza. Hiyo ndiyo sababu ya kuwasimulia. Binti wa ndagala asingepoteza robo ya mwili wake kwa majuma matano, sikumtisha hivyo. Angepoteza sehemu moja ya kumi. Lakini anaanza mahali ambapo akiba imekwisha kuwa nyembamba, na njia anayoingia ni ileile. Wasichana ninaowaona wamejinyima muda mrefu wananieleza yale ya Minnesota bila kujua kuwa yaliandikwa: baridi usiku, hasira kwa wadogo zao, kichwa kinachowaza mandazi kutwa nzima. Wanadhani ni tabia mbaya imewaingia. Ni njaa.

Na sisi tunaishi Uvira. Mwili hapa unahitaji akiba kuliko kwingine. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ni kama gunia la muhogo mkavu juu ya dari: siku za kawaida unaweza kuliona linakula nafasi bure, mpaka njia ifungwe. Kipindupindu hakijawahi kuuhama mji huu kwa muda mrefu. Malaria inamlaza mtu juma zima bila kumeza kitu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba kwa maelfu na kuua makumi ya watu. Waliotoka salama waliishi kwenye shule na makanisa, wakila walichopewa. Miaka hii nchi zinazozunguka ziwa Tanganyika zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, jambo jema kwa ziwa, lakini miezi hiyo ndagala na mikeke hupanda bei. Na vita tunavijua wenyewe. Anayeingia kwenye mambo hayo akiwa na IMC ya 21 ana muda wa kupona. Mwenye 16 hana muda huo.

Kisha kuna mimba. Bibi harusi wengi wa kwetu hubeba mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Mama anayeanza mimba akiwa mwembamba kupita kiasi yuko kwenye hatari zaidi ya kuzaa kabla ya siku, au kuzaa mtoto chini ya gramu 2,500. Wataalamu wa Marekani walioandika mwongozo wa mwaka 2009 walisema mama aliyeanza chini ya IMC ya 18.5 anahitaji kuongeza kilo 12.5 mpaka 18 wakati wa mimba, zaidi ya anayeanza na uzito wa kawaida. Na baada ya kujifungua, maziwa peke yake yanadai kama kalori 500 kila siku. Wapo wanaozaa leo na kesho wananiuliza namna ya kurudisha kiuno. Wale waliokuwa wembamba nawaomba wasubiri. Kunyonyesha na kazi za nyumbani vitafanya kazi yake, mradi wale.

Nilimwambia pia yule binti jambo ambalo mizani ilishindwa kumwambia. Zipu ilikwama kwenye mbavu, na mbavu ni mfupa. Hata angefunga mwezi mzima, pale pasingepungua. Fundi alifungua mshono wa nyuma akaweka vitundu na kamba za kukaza, gauni likamkaa vizuri, na aliolewa na kilo zake 51.

Lakini msomaji asichukue 18.5 kama sheria ya Musa. Kuna watu walioumbwa warefu wa miguu na wembamba wa kiwiliwili. Watafiti waliopima wafugaji wa Turkana kule Kenya na Wadinka wa Sudan Kusini wameeleza kwamba watu wenye umbo hilo husoma namba ndogo hata wakiwa na afya, kwa sababu miguu mirefu ina uzito mdogo kwa urefu wake. Kwa hiyo anayekuja kwangu na 18, siandiki chochote kabla sijamwuliza. Uzito huu umekaa hivi tangu lini? Wazazi na ndugu wako wakoje? Hedhi inakuja kwa wakati wake? Unapanda mlima bila kutweta? Akijibu kwamba ni vilevile tangu alipomaliza shule, hedhi haijakosa, na nguvu anazo, namwambia aende na amani. Hana haja ya kunenepa, wala vidonge vya kuongeza hamu. Wala hana cha kupunguza.

Jibu la kwanza likiwa "tangu miezi mitatu iliyopita," mazungumzo yanabadilika papo hapo. Wembamba mpya ambao mtu hakuutafuta ni dalili. Kipimo tunachotumia ni rahisi: aliyepoteza sehemu tano katika mia za uzito wake ndani ya miezi sita mpaka mwaka, bila kukusudia, achunguzwe. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo tatu tu. Huku kwetu namwazia kwanza kifua kikuu: kikohozi kilichopita majuma mawili, jasho la usiku, homa za jioni. Kupima makohozi na dawa za miezi sita ni bure. Kisha kisukari, minyoo, tezi ya shingo, vidonda vya tumbo, saratani kwa wazee, na huzuni, kwa sababu aliyeona aliyoyaona katika vita anaweza kuacha kula bila kusema. Na virusi vya UKIMWI, tunavyoita sida.

Hapo naomba nikae kidogo. Katika nchi zetu za maziwa makuu, watu wanaogopa kuonekana wamekonda, na woga huo una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya wavuvi na wafanyabiashara wa Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, watu walianza kuharisha na kuyeyuka mpaka mifupa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Slim. Mwezi Oktoba 1985, David Serwadda, Nelson Sewankambo na wenzao waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la The Lancet, wakionyesha kwamba unahusiana na virusi vilivyokuwa vimegunduliwa muda mfupi kabla ya hapo. Tangu hapo, kote huku, aliyepungua anasemwa. Nimeona wanawake wazima wenye afya wakimeza dawa ili wanenepe, kusudi majirani wanyamaze. Nimeona pia, na hili linaniumiza zaidi, mtu aliyepungua kwa ugonjwa akiwaambia watu kwamba yuko kwenye rejimu, yaani anajinyima kwa kusudi, akisifiwa hata, na kila juma linalopita kifua kinaharibika. Leo mwenye virusi akianza dawa mapema haishi akiyeyuka. Anafanya kazi, anazaa, anazeeka. Kwa hiyo ukimwona dada yako amekonda, usimsifu wala usimsengenye. Mwulize kama alikusudia.

Kuhusu chai za kupunguza tumbo zinazouzwa sokoni na kwenye simu, nitasema machache. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kilo inayopotea ni maji na choo, na inarudi ukinywa maji. Katika mji wenye kipindupindu, kujiharisha kwa makusudi ni hatari maradufu: unapoteza chumvi za mwili, na siku kipindupindu chenyewe kikija utadhani ni chai. Ndimu na siki haziyeyushi mafuta ya mtu yeyote.

Vidonge vya kunenepesha vinataka maneno zaidi, kwa sababu vinazaa wembamba wa ajabu wanaotaka kupungua. Wanawake wengi wa Kongo wanameza deksametazoni au siproheptadini bila daktari ili wapate hamu ya kula na umbo la kujaa. Watafiti wa Kinshasa walichapisha uchunguzi juu ya jambo hilo mwaka 2016. Deksametazoni ikitumika muda mrefu inahamisha nyama za mwili. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linatoka, mafuta yanakaa nyuma ya shingo, huku mikono na miguu ikikonda na ngozi ikichanika mistari. Baadhi ya mafuta ya kujichubua nayo yana dawa za jamii hiyohiyo, na yanaweza kufanya vivyo hivyo. Mwanamke wa namna hii ananijia akisema, "Mimi ni mwembamba, angalia mikono yangu, lakini hili tumbo na mashavu naomba uvitoe." Kumpa rejimu ni kumwongezea ugonjwa, kwani misuli yake imekwisha kuliwa. Kumwambia aache vidonge siku hiyohiyo ni hatari pia: tezi zilizo juu ya figo zimelala kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi yake, na ukiikata ghafla shinikizo la damu linaweza kuanguka na mtu akazimia au kufa. Dawa inapunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga. Kama wewe msomaji unavimeza, nenda navyo mkononi hospitalini, uvionyeshe. Hakuna atakayekupiga.

Nimesema mwanzoni kwamba wapo wembamba wanaofaa kupungua. Karani mmoja wa bandari ya Kalundu, mwenye miaka 52, ni mmoja wao. Alikuja kwa sababu ya mke wake, aliyekuwa na shinikizo la damu, nikampima naye. Urefu mita 1.70, uzito kilo 66, IMC 22.8, namba nzuri kabisa. Mikono myembamba, shati limemkaa. Lakini nilipozungusha utepe kiunoni ulisoma sentimita 92. Kanuni rahisi kwa mtu mzima, mume kwa mke, ni kiuno kisifike nusu ya urefu. Yeye nusu yake ni 85. Baba yake alikufa kwa kisukari. Tulipopima sukari asubuhi kabla hajala ilikuwa miligramu 148 kwa desilita, na siku nyingine tulipoirudia ilikuwa vilevile juu ya 126, ambapo ndipo kisukari kinapohesabiwa.

Alishangaa, na wengi wanashangaa, kwa sababu tumezoea kusema kisukari ni ugonjwa wa wanene. Nchini Uganda, Davis Kibirige na wenzake walipochunguza watu wazima waliogunduliwa kisukari karibuni, theluthi moja hivi walikuwa na IMC chini ya 25. Mafuta yanayoleta shida si yale ya makalio na mapaja. Ni yale yanayojipenyeza ndani, kwenye ini na kongosho, na kila mtu ana kiasi chake anachoweza kubeba kabla viungo hivyo havijashindwa. Mwingine anabeba kilo 100 bila shida. Mwingine anashindwa na 66. Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alilijaribu wazo hilo kwa watu 20 wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawakuwa wanene, wastani wa IMC yao ukiwa chini kidogo ya 25. Walipunguza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wao chini ya uangalizi, mafuta ya ini na kongosho yakapungua, na kwa 14 kati yao sukari ilishuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2023.

Kwa hiyo kwa karani wangu jibu la "zitoke wapi?" lipo, na linaonekana kwenye utepe.

Ila si kila mwembamba mwenye sukari yuko kama yeye. Kijana aliyekua kwa njaa, mwembamba sana, anayekojoa usiku kucha na kupungua kila juma, kongosho lake huenda halitoi insulini ya kutosha. Mwezi Aprili 2025, mkutanoni Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kuihesabu hali ya namna hiyo, inayotokana na utapiamlo, kama kisukari cha aina ya tano. Miaka ya nyuma ilikuwa imetambuliwa, kisha ikaondolewa kwenye orodha. Huyo anahitaji chakula na matibabu, na kumpunguza uzito ni kumwua. Ndiyo maana mimi siamui peke yangu. Mwembamba mwenye sukari anakwenda kwa daktari kwanza.

Daktari wa karani alimpa dawa na kuniachia mimi upande wa chakula. Hatukugusa samaki, maharagi wala sombe, kwa sababu hatutaki apoteze misuli. Tulipima mawese kwa kijiko badala ya kumimina. Bukari ilikuwa ikijaza sahani, sasa inachukua nusu. Sukari ya chai na soda za mchana zimeondoka. Chupa mbili za bia ya Primus za kila jioni zimekuwa moja ya Jumamosi, na hapo tulibishana sana. Kutoka bandarini anarudi kwa miguu, hapandi pikipiki. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na kilo 63, kiuno sentimita 86, sukari ya asubuhi 112. Daktari anataka kumwona tena kabla ya kiangazi ili aone kama dawa inaweza kupunguzwa. Mimi nimemwomba aje na mke wake, kwa kuwa ndiye anayepika, na nataka kumpima naye kiuno.